Fundi Aliyepima Magitaa

Kabla hajaligusa gitaa lako, alilipima. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ya zile za kupimia pamba, ameifunga kwenye boriti ya karakana yake pale Kagongwa, karibu na Kahama. Ulifika na gitaa mkononi, ukamsalimia, naye badala ya kukuuliza lina ugonjwa gani alilichukua, akalitundika kwenye kulabu kwa mkanda wake, akasubiri mshale utulie.

"Umeona?"

"Nimeona, Fundi."

"Umeona nini?"

Hapo ulitakiwa utaje kwa sauti mshale uliposimama. Kisha alimwita mkewe, Mama Kulwa, aje naye aone na ataje. Siku ya kulichukua gitaa mambo yalirudiwa vile vile. Mizani yenyewe ilizoea magunia, kwa hiyo gitaa likitundikwa mshale ulijongea kidogo tu, kama mtu aliyeguswa usingizini. Lakini Fundi aliuinamia mshale ule kwa makini, huku amefumba jicho moja.

Kazi yake hasa ilikuwa mipini. Wakulima walimwendea kwa mipini ya majembe na mashoka, na wachimbaji wa Nyarugusu walimwagiza mipini ya sururu, kwa sababu mpini wake haukuchubua kiganja hata ukiutumia siku nzima ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu. Magitaa aliyaongeza baadaye, na wala sijui alijifunza wapi. Sijui alizaliwa wapi, sijui baba yake alikuwa nani. Kwa miaka saba niliyomfahamu nilimsikia akielezea habari zake mwenyewe mara moja tu.

Mimi nilikuwa mpiga solo katika bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya sabini. Gitaa nililopiga lilikuwa mali ya kiwanda. Nililitilia sahihi, na chochote ambacho kingekutwa ndani yake kilikuwa changu kukijibia. Nalitaja hilo mapema kwa sababu woga wangu wote ulianzia hapo. Tulipiga dansi mpaka Nyarugusu, na dhahabu ya huko ilitakiwa iuzwe serikalini tu. Ukikutwa nayo barabarani bila karatasi, ulikuwa umejimaliza.

Masanja, mpiga drams wetu, aliwahi kuchimba mwaka mmoja akarudi na kikohozi tu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisemea mizani ile.

"Mtu anayepima kabla na baada," alisema, "kuna kitu anaongeza hapo katikati."

"Kama angeongeza si mizani ingemsuta?"

"Inamsuta nani? Mizani ni yake. Kulabu ni yake. Hata shahidi ni mke wake."

Tulicheka. Lakini mimi neno lile nililichukua nikaenda nalo.

Fundi alikuwa na mikono mifupi yenye vidole vinene, na ungemtazama ungedhani havitaweza kazi ndogo. Akiletewa ubao aliugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akangoja, akaugonga tena upande wa pili. Ukimjibu, yaani ubao, alisema, "Huu umeshasikia." Usipomjibu aliurudisha juu darini kwenye mbao zake za mninga, zilizolala kule miaka na miaka zikikauka polepole. Mbao zile ndizo zilizokuwa utajiri wake. Mama Kulwa aliniambia kuna mbao aliziweka kabla hawajaoana, na kwamba yeye mwenyewe alipokelewa nyumbani mle kwa maelekezo ya kutopika chini ya mbao hizo.

Hakupenda muziki. Wengi niliowahi kuwasimulia hawakuamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jumapili alikwenda kanisani, akasimama pamoja na wenzake, na kwaya ilipoanza aliangalia viungo vya mabenchi. Gitaa alilijua kama daktari anavyojua goti. Alikwambia upige, wewe ukapiga wimbo wako mtamu, na yeye alikuwa akitazama kama uzi unagonga vile vyuma vya shingoni.

Jambo jingine lililonichanganya ni chakula chake. Hakula kwa mtu. Ukimkaribisha mjini hata chai aliikataa, akisema ametoka kunywa. Lakini ukifika kwake, kabla hujatua mzigo, Mama Kulwa alikuwa ameshaleta ugali na maziwa ya mgando, na Fundi alikaa kando yako kuhakikisha unashiba. Halafu, ukiwa unanawa mikono na kumshukuru kwa Kisukuma, "wabeja," alikwambia bila chuki yoyote, "Mimi sikuamini, kijana wangu. Usikasirike. Bado sijamwamini mtu."

Unamfanyaje mtu wa namna hiyo? Mimi nilimpenda, na papo hapo nilimchunguza.

Sasa nieleze ile kazi ya shingo, nami nitakwenda taratibu, maana bila kuielewa hutaelewa kosa langu. Na kama hujawahi kufungua gitaa la umeme, usiogope. Ni kitu cha wazi kuliko kinavyoonekana. Mwili wa gitaa ni kipande cha mbao chenye sehemu iliyochimbwa, kama kitanda kidogo. Mkia wa shingo unalala kwenye kitanda hicho, na skrubu nne zinaingia kwa nyuma na kuushika. Basi. Ukifungua skrubu nne, shingo iko mkononi.

Shingo yangu ilivunjika kwenye lori, pale ngoma kubwa ya Masanja ilipoiangukia. Mpya haikupatikana Shinyanga wala Mwanza. Nilichopata ni shingo ya gitaa jingine, la mtengenezaji mwingine, iliyokuwa imetupwa stoo ya misheni upande wa Ushirombo, nayo mapadri walinipa bure. Nikaipeleka Kagongwa nikiamini itaingia tu. Haikuingia. Mkia wake ulikuwa mpana kuliko kitanda, na matundu yake manne hayakukutana na ya mwili hata moja.

"Chonga mwili kidogo, Fundi," nikamshauri. "Ipate nafasi."

Akanitazama kama niliyetukana. "Mwili ndio mwenyeji hapa. Huyu amekuja juzi. Mgeni ndiye atakayenyoa."

Akaupunguza mkia kwa randa ndogo, mikwaruzo miwili kila upande, anajaribu, anatoa, anapunguza tena. Hakuwa na haraka hata kidogo. Ilipofikia kuingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo na bila kulegea, aliinua gitaa zima kwa kulishika shingo tu, bila skrubu hata moja, na mwili haukudondoka.

Yale matundu ya zamani aliyaziba kwa vijiti vya mninga na gundi, akaacha siku mbili. Niliporudi alikuwa amekata fito ya mwanzi. Akaniwekea mikononi niijaribu mwenyewe: kutoka kwenye kijiti cha juu zinapopita nyuzi mpaka kile chuma cha kumi na mbili cha shingo, lazima uwe urefu ule ule kutoka chuma hicho mpaka chini nyuzi zinapoegemea. Ukizidi au ukipungua, gitaa litaongopa kila ukipanda juu, na hakuna masikio yatakayoliponya. Nikapima, nikaona sawa. Akafunga nyuzi mbili tu, ya kwanza na ya sita, akalaza shavu lake mezani kuona kama zote zinapita umbali mmoja kutoka kingo za shingo. Zilikuwa zimeegemea upande. Akaisukuma shingo kwa unene wa ukucha. Ndipo akaweka alama na kutoboa kwa keekee, akazipaka skrubu sabuni ya mche ili ziingie bila kupasua mbao.

Yote hayo niliyaona. Halafu akafungua tena skrubu mbili, akageuka, akaniambia, "Nenda ukanywe chai kwa Mama Kulwa."

"Nimeshakunywa, Fundi."

"Kanywe nyingine."

Akafunga mlango. Nilikaa nje na kikombe mkononi nikisikia kitu kikikatwa ndani, kitu cha chuma. Alipofungua, gitaa lilikuwa tayari, nyuzi zote zimefungwa, zimelala chini juu ya shingo, laini kuliko zilivyokuwa siku gitaa lilipokuwa jipya. Likatundikwa. Umeona? Umeona nini? Kisha, akinifungia mkanda, akauliza kama mtu asiyejali, "Mnakwenda Nyarugusu lini?"

"Jumamosi."

"Mnarudi kwa njia ya Kahama au mnazungukia Mwanza?"

"Kahama."

"Ukirudi niletee, nilikaze."

Nilimsimulia Masanja. "Unaona sasa," akasema. "Wewe ni punda. Kuna mtu atakufungulia gitaa huko Nyarugusu, ataweka, utabeba, na utampelekea mwenyewe mpaka mlangoni. Halafu atakupa maziwa ya mgando."

Pale Nyarugusu sikuliacha gitaa hata nilipokwenda chooni. Wachimbaji walitania kwamba bendi imeleta maharusi. Hakuna aliyeligusa. Lakini wakati wa kurudi, lori letu lilisimama kijijini kununua maji, na mwendesha baiskeli aliyetoka mbele akatuambia kuna kizuizi cha mgambo, wanapekua mpaka viatu. Na kama kitu kiliwekwa tangu Kagongwa? Siku ile mlango ulipofungwa?

Niliteremka na gitaa nikaenda nyuma ya kichaka, Masanja akanifuata na bisibisi. Nyuzi tulizilegeza, skrubu nne zikatoka. Chini ya mkia wa shingo, ndani kabisa ya kitanda, kilikuwepo kipande chembamba cha chuma, kimekatwa vizuri kama ulimi, kinang'aa njano.

Masanja alikichukua. Akakirusha kiganjani, akakiuma kwa jino la pembeni, kama alivyojifunza mgodini.

"Ni yenyewe," akanong'ona. "Tugawane."

Watu wa sehemu nyingine wangejiuliza kwanza hicho kipande kina kazi gani pale. Sisi wa ukanda ule, ukituonyesha kitu cha njano kilichofichwa, tulikuwa na jibu moja tu. Nilimnyang'anya nikakitupa kwa nguvu zangu zote ndani ya dimbwi la ng'ombe, nikafunga skrubu. Kwenye kizuizi walitupekua, wakaligonga gitaa, wakaturuhusu. Nilijiona nimeponyoka kifungo.

Masanja hakuamini kamwe kwamba nilikitupa. Miaka mingi baadaye, nilipojenga nyumba ya bati, alikuja kuitazama, akazunguka mara mbili, akasema, "Dimbwi limetoa nyumba nzuri."

Na mimi, ili nijilinde, jioni ile ile nilimwambia kiongozi wa bendi. Sikumwambia mwingine. Nilimtaja Fundi, nikautaja mlango, nikayataja yale maswali. Yeye akasema nimefanya vyema.

Siku mbili baadaye tulikuwa na dansi la mchana Kahama, nami nikazikaza nyuzi haraka haraka pale pale jukwaani. Nilipoanza solo, vidole havikufika. Nyuzi zilikuwa zimesimama juu ya shingo kama waya za kuanikia nguo. Kila uzi niliobonyeza ulijikunja na kutoa sauti ya uongo. Watu waliacha kucheza, wakageuka kunitazama. Kiongozi akanipa ishara nishuke.

Asubuhi yake nilikwenda Kagongwa, nimekasirika na kujihami, nimejipanga kumwuliza Fundi uso kwa uso.

Karakana ilikuwa imefukuliwa. Sakafu ya udongo ilikuwa na mashimo matatu, kina cha goti. Na mbao za mninga zote zilikuwa zimeteremshwa kutoka darini na kupasuliwa kwa shoka katikati, moja baada ya nyingine, watu wakitafuta ndani yake. Zilikuwa zimerundikwa uani kama kuni. Mama Kulwa alikuwa amekaa jikoni, akanipokea salamu bila kuinuka. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango, ameshika nusu ya ubao mmoja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Gitaa lina nini?"

"Nyuzi zimepanda."

Akalitundika. Naapa, katikati ya mashimo yale, alilitundika. Nikasema mshale ulipo. Mama Kulwa aliitwa, akaja, akasema. Kisha Fundi akafungua skrubu, akachungulia kitandani, akaniuliza, "Kipande kiko wapi?"

"Kipande gani?"

"Cha shaba."

Alikwenda kwenye kona akaleta tangi la taa ya karabai iliyokufa, limekatwakatwa pembeni kama mkate. Kwa mkasi wa bati akakata ulimi mwingine mbele yangu, njano, unang'aa. Akanieleza polepole, bila kunitukana. Kitanda cha gitaa langu kilikuwa na kina kikubwa kuliko unene wa mkia wa ile shingo ya kigeni, na huku chini nyuzi zilikuwa zimeshashushwa mpaka mwisho. Kwa hiyo unaweka kitu chembamba ndani kabisa ya kitanda, shingo inalala nyuma kidogo sana, na nyuzi zinashuka. Ngozi hunywea, karatasi hulainika. Shaba inabaki ilivyo.

"Kwa nini ulifunga mlango?" nikauliza.

"Ungeona, ungekwenda kumfundisha mwingine. Kazi yote ni wazi, imebaki hiyo tu ninayoificha."

"Na mizani?"

Alikuwa anakaza skrubu ya kwanza. "Nilipokuwa Geita," akasema, "mpiga gitaa mmoja aliniletea la kukaza. Alikuwa ameweka vitu vyake chini ya shingo. Walikuja kumkamata wakalikuta kwangu. Nilikaa ndani wiki tatu. Tangu hapo nawapima ninyi."

"Sisi?"

"Ninyi mnaokwenda na kurudi. Nauliza mnapita wapi, ili wakija kuniuliza nijue niseme nini. Na mkirudi lazima nilifungue nione mmeleta nini kwangu."

Kwa hiyo yeye alikuwa ananishuku mimi, tena tangu siku ya kwanza, wakati naimaliza sahani yake ya ugali. Nilisimama pale nikiangalia shaba ikiingia kitandani na shingo ikifuata, nyuzi zikalala tena chini kama mwanzo. Hakutaka malipo ya kazi ile. Alisema ni ile ile ya mwanzo. Nikaondoka, nikipita kando ya lile rundo uani, sikusema kitu.

Nilijitoa kwenye bendi mwaka uliofuata, nikaenda kusomea useremala, na baadaye nikaufundisha. Kila mwanafunzi wangu nilimwonyesha shaba inakwendaje, mlango ukiwa wazi. Najua nilivunja siri yake. Nilijiambia kwamba kitu kikijulikana na wengi hakuna atakayepasuliwa mbao kwa ajili yake.

Mara ya mwisho nilimwona stesheni ya Isaka, katikati ya miaka ya themanini, asubuhi, watu wakisubiri treni iliyochelewa. Alikuwa amezeeka kwa ghafla. Kofia ilimwingia mpaka masikioni. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku la zana, na mfuko wa turubai miguuni. Mama Kulwa alikuwa Tabora kwa binti yao, naye anamfuata. Mipini alikuwa ameiacha. "Ubao mbichi siwezi kuudanganya," alisema, "na mkavu sina tena."

Sentensi ile ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikamwambia, kwa shida, nikirudia maneno, kwamba ni mimi. Kwamba nilimwambia kiongozi wa bendi.

Alisikiliza akiangalia reli. "Najua."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Asubuhi ile. Watu wote waliofika walisema, jamani, nani kafanya haya? Hata mbuzi wa jirani alisimama akashangaa. Wewe uliingia, ukazipita mbao zangu, ukaniambia nyuzi zimepanda."

Nikamwuliza kwa nini basi alilitengeneza gitaa.

"Gitaa halikunisema kwa mtu."

Nikaomba msamaha. Alikubali kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea zana aliyoiazimisha zamani. Kisha dirisha la tiketi likafunguliwa, watu wakakimbilia kupanga mstari. Akainuka, akatazama sanduku, akatazama mfuko, akanitazama mimi. Nikaona anavyolipima jambo lile.

"Nishikie hivi," akasema.

Nilivishika. Nilikaa juu ya sanduku lile na mfuko magotini kwa karibu nusu saa, na mtu aliponiomba nisogee nilikataa. Treni ilikuwa inaingia aliporudi na tiketi yake mkononi. Akapokea mfuko, akachuchumaa, akafungua na sanduku. Watu wakitupita kwa vifurushi na kuku, akatoa randa, akaitazama chini na juu, akairudisha. Akatoa patasi moja moja. Akafunua shati, sabuni, rozari, mkate wa safari uliofungwa kwenye gazeti. Hakuharakisha, wala hakunificha anachokifanya. Mimi nilisimama mbele yake mpaka akamaliza.

"Vimo vyote," akasema, akanipa mkono, akapanda.